Nasaba ya Akina O'Brien

Miongoni mwa koo za Ayalandi ziwezazo kuitaja asili yao kwa yakini, aghalabu hutangulizwa ukoo wa O'Brien, kwani jina hilo, yaani wazawa wa Brian, lamrejea mtu mmoja aliye mashuhuri katika tarikh, naye ni Brian Boru, mkuu wa kabila la Dál gCais, aliyekuwa na ngome yake Kincora kando ya mto Shannon, na ambaye tangu mwaka 1002 alitambuliwa kuwa mfalme mkuu wa Ayalandi. Aliuawa tarehe 23 Aprili 1014, siku ya Ijumaa Kuu, huko Clontarf, katika vita ambamo jeshi lake liliwashinda watu wa Leinster na Waviking wa Dublin. Yasimuliwa kwamba yeye, kwa uzee wake, hakushika upanga, bali alikuwa hemani akisali.

Dhuria yake walitamalaki ufalme wa Thomond kwa karne nyingi, hata mwaka 1543 Murrough O'Brien alipouvua ufalme mbele ya Henry wa Nane, mfalme wa Uingereza, akapewa badala yake cheo cha ukabaila wa Kiingereza: biashara ya hasara, kwa rai yangu, ingawa iliwaokolea ardhi. Chini ya dola ya Kiingereza wengi waliiacha ile O, wakaandikwa Brien, na vizazi vya baadaye vikairejesha, mila za Kigaeli zilipohuishwa.

Ajabu ni kwamba katika nyumba iyo hiyo iliyosujudu, kwenye kasri la Dromoland, alizaliwa mwaka 1803 William Smith O'Brien, aliyeongoza uasi wa 1848 dhidi ya Waingereza, akahukumiwa kifo, kisha akahamishiwa Tasmania.