Studios Kabako ilivuka mto

Wandugu, wengi wetu tunajua Kisangani kwa vita ya siku sita, Juni 2000. Mwaka uliofuata, Faustin Linyekula, mtoto wa hapa, alianzisha Studios Kabako kule Kinshasa. Mu 2006 akaileta Kisangani. Dansi yao haiko ya sikukuu: inasimulia vita, wafu, nchi iliyobomoka. Kuko wenye kusema haieleweki. Sawa, vita nayo ilieleweka?

Lakini kwangu mimi, hatua kubwa ni kuvuka mto, kufanya kazi na wakaaji wa Lubunga, mpaka kushika na mambo ya maji safi. Maji na dansi, wapi na wapi? Mama anayebeba bidoni tangu asubuhi, atakaa saa ngapi kuangalia mchezo?