Kununua vitu vya rehani wakati wa shida

Tangu Februari 2025, M23 ilipoingia Bukavu na benki kufunga milango, wengi walishindwa kutoa hata akiba yao. Simu, redio na cherehani zikaenda kwa wakopeshaji tunaowaita Banque Lambert, au zikauzwa Kadutu kwa bei ya kutupa.

Ndugu wanauliza: kuvinunua ni dhambi? Si dhambi, mara nyingine fedha yako ndiyo inayolisha watoto wa muuzaji jioni hiyo. Lakini Walawi 25:14 inakataza muuzaji na mnunuzi kudhulumiana, nasi tunaona kwamba bei iliyoshushwa na njaa ya mwenzako ni dhuluma, hata akikubali. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakwenda mbali zaidi: jiwe la kusagia halichukuliwi rehani, maana ndilo uhai wa nyumba. (Mistari ya 10 na 11 inamtaka mkopeshaji asubiri nje, asiingie kujichagulia. Wangapi leo wanasubiri nje?)

Kwetu jiwe hilo ni cherehani ya fundi au pikipiki ya motari. Ukiletewa, uliza kwanza kama muda wa kuikomboa umekwisha kweli. Mwenye uwezo ainunue, amwachie mwenye mali miezi kadhaa ya kuirudisha kwa bei ileile, na wayaandike hayo mbele ya shemasi.