Mnyama Aliyepewa Jina la Jirani

Yawezekana kitu kikawa mbele ya macho yako miaka mingi na usikione? Sikiliza kisa cha olinguito.

Katika misitu yenye ukungu ya milima ya Andes, huko Kolombia na Ekuado, anaishi mnyama mdogo asiyefika kilo moja, mwenye manyoya marefu mekundu-kahawia. Mchana hulala. Usiku huruka tawi hadi tawi akitafuta matunda. Ana ndugu zake waitwao olingo, walioenea mpaka Amerika ya Kati, nao walijulikana zamani. Hapo ndipo penye balaa.

Tangu miaka ya 1920 ngozi na mafuvu yake yalikuwa yamefika kwenye makumbusho ya Marekani. Wataalamu wakatazama, wakasema, ah, olingo tu huyu. Droo ikafungwa.

Hata aliye hai hakutambuliwa. Miaka ya 1960 na 1970 jike mmoja, Ringerl, alihamishwa kutoka bustani moja ya wanyama hadi nyingine. Akaletewa madume ya olingo ili azae. Akawakataa wote! Kumbe bibi wa watu hakuwa na maringo. Waume hawakuwa wa kabila lake.

Mwaka 2003 Kristofer Helgen alivuta droo moja katika makumbusho ya Field, Chicago. Akaona fuvu na meno visivyolingana na jina lililoandikwa. Mwaka 2006 yeye na wenzake wakaenda Ekuado, wakamkuta juu ya miti. Vinasaba vikathibitisha. Agosti 15, 2013 akatangazwa kwa jina lake mwenyewe: Bassaricyon neblina, yaani wa ukungu.

Kuchelewa huko kulikuwa na gharama. Asiye na jina hahesabiwi, na asiyehesabiwa nani atamlilia? Alipotambuliwa, watafiti walikadiria kwamba asilimia 42 ya misitu inayomfaa ilikwishageuzwa mashamba na makazi.

Mimi nami nina kibandiko changu. Nilipomaliza kidato cha nne matokeo yalisema nimefeli, na mtaani hilo likawa ndilo jina langu. Usiku naandika riwaya, mchana naambiwa sina kitu. Sidai kwamba nitavuma. Lakini wewe mwenye daftari chini ya godoro, usilichome. Na ukipewa la mwenzako ulisome, basi lifungue kwanza, ndipo ulipe jina.