Mfuko wa Jamii ndani ya Sanduku la Akiba: Utoaji wa Wanawake Nyarugusu na Nyanda za Buha, 1996–2023

Maandishi kuhusu kambi ya Nyarugusu yamezoea kumweka mwanamke upande mmoja wa historia ya msaada, yaani upande wa kupokea. Huhesabiwa katika orodha ya mgao kama mjane, mjamzito au mkuu wa kaya. Makala haya yanashikilia kwamba hesabu hiyo inaficha taasisi ya utoaji iliyoendeshwa na wanawake wenyewe, yenye katiba, waamuzi na walengwa wake: mfuko wa jamii uliomo katika vikundi vyao vya akiba.

Kambi ilifunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu Kusini, wengi wao Wabembe wa Fizi. Walikuja na desturi ya likelemba, ambayo Watanzania huiita upatu. Mwaka 2015 machafuko ya Burundi yalileta wimbi jipya, na pamoja nalo desturi ya gutwerera, yaani kuchangia mwenye harusi au msiba. Wenyeji wao, Waha, husema lugha inayosikilizana na Kirundi, hivyo mazungumzo ya kuchangiana hayakuhitaji mkalimani.

Hata hivyo, si busara kuunganisha desturi hizi zote katika asili moja. Buha ilikuwa na utoaji wa namna nyingine kabisa, ubugabire, ambamo mwenye ng’ombe alimpa mtu ng’ombe na kwa tendo hilo akamfunga katika utumishi. Ni kweli kwamba katika miaka ya mwisho ya ukoloni Heru ilitawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Lakini enzi ya mwami mwanamke haithibitishi kwamba wanawake wa kawaida waligawa mali. Wanaotaja jina lake kama ushahidi wa jambo hilo wanalitwisha mzigo lisioweza kuubeba. Kilicho muhimu zaidi ni tofauti ya kanuni: ubugabire ulitoa ili kumiliki uaminifu wa mpokeaji, ilhali mfuko wa jamii hauachi mtumishi nyuma yake.

Muundo wa sanduku unaeleza sababu. Mfumo wa vikundi hivi ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, kisha ukaenea Afrika Mashariki. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na wanachama watatu tofauti. Ndani yake hutunzwa fedha za aina mbili. Fedha za hisa hukopeshwa kwa riba na kugawanywa mwishoni mwa mzunguko. Fedha za mfuko wa jamii hutolewa kwa ugonjwa, kifo, uzazi au janga la moto, kwa viwango vilivyokubaliwa kabla ya shida kutokea. Mwenye hisa nyingi na mwenye hisa moja huchangia mfuko huu sawasawa, kwa hiyo tajiri wa kikundi hapati sauti kubwa zaidi katika kuamua nani asaidiwe. Katika ufadhili uliozoeleka mtoaji humchagua mpokeaji. Hapa wawili hao huketi benchi moja na wiki ijayo huenda wakabadilishana nafasi.

Mwanahistoria hukutana na ugumu mmoja. Katika utaratibu wa vikundi hivi, salio la mfuko hutajwa kwa sauti na kukaririwa na wanachama kutoka mkutano hadi mkutano. Kumbukumbu hiyo huzuia wizi, lakini haiachi jalada. Ripoti za mashirika zimejaa tani za mahindi kwa sababu mahindi yaliandikwa.

Swali la chanzo cha fedha halikwepeki. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 iliwabana wakimbizi ndani ya kambi, na kutoka kulihitaji kibali. Kwa kaya nyingi sehemu ya mgao iliyouzwa ilikuwa njia ya karibu ya kupata shilingi. Uuzaji huo umezoeleka kutajwa kama matumizi mabaya ya msaada. Ukitazamwa kutoka kwenye sanduku, ndio uliokigeuza chakula cha wafadhili kuwa mchango wa mwanamke kwa jirani yake. Mpango wa kugawa fedha taslimu ulianza Desemba 2016, ukasitishwa Agosti 2017. Kati ya 2018 na 2019 masoko ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji yalibanwa na kufungwa. Mwaka 2023 mgao ulishuka hadi nusu ya kiwango. Kila hatua ilipunguza kile ambacho mwanamke angeweza kutoa, ingawa katika mijadala ya sera ilipimwa kwa kile alichoweza kula tu.

Kwa wanawake wenyeji wa Kasulu na Kibondo mlango ulikuwa mwingine. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi katika daraja la nne la watoa huduma, na halmashauri zilitakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kati yake kwa wanawake. Mwanamke mkimbizi hakuhusika. Lakini hata kwa mwenyeji, dola ilikitambua kikundi kama mkopaji na mkopeshaji. Upande wake wa kutoa bila kudai haukupewa jina. Vivyo hivyo, ahadi ya kimataifa ya mwaka 2016 ya kufikisha asilimia 25 ya fedha za kibinadamu kwa watendaji wa kitaifa na wenyeji iliwalenga wenye usajili na akaunti ya benki.

Urejeaji wa hiari wa Warundi ulipoanza Septemba 2017, vikundi vilianza kupoteza wanachama kabla ya mzunguko kwisha. Kwa kanuni ya vikundi vya aina hii, anayeondoka hurudishiwa thamani ya hisa zake. Mchango wake katika mfuko wa jamii hubaki kwa wanaosalia.