Dawa Mbili, Ini Moja

Mwaka 1949, daktari Mfilipino aitwaye Abelardo Aguilar alichota udongo mkoani Iloilo, kwao Ufilipino, akautuma Marekani kwa Eli Lilly, kampuni ya dawa aliyokuwa akiifanyia kazi. Miaka ishirini na kitu baadaye, jijini Tokyo, Mjapani Akira Endo alikuwa akichunguza kuvu iliyotoka kwenye mchele wa duka moja la nafaka la Kyoto. Udongo wa Aguilar ulikuwa wa kutafutia kitu cha kuua bakteria. Endo alitaka kupunguza mafuta kwenye damu. Leo kazi za hawa wawili zinakutana tumboni mwa mtu mmoja, asubuhi moja, kwa glasi moja ya maji. Zikikutana vibaya, mtu huyo anaweza kulazwa.

Tuanze na udongo. Ndani yake wanasayansi wa Lilly walikuta kiumbe mdogo anayetengeneza sumu ya kuwaua wenzake. Sumu hiyo wakaisafisha, wakaiita erithromaisini, na mwaka 1952 ikaingia sokoni kwa jina la Ilotycin, jina lililochukuliwa kutoka Iloilo kwenyewe. Ilikuwa habari njema kwa watu ambao penisilini iliwadhuru. Aguilar aliomba sehemu ya faida kwa miaka mingi. Alifariki 1993 bila kuipata. Dawa yenyewe ilizaa wadogo zake. Mmoja ni klarithromaisini, iliyotengenezwa na kampuni ya Taisho huko Japani. Mwingine ni azithromaisini, iliyotoka maabara ya Pliva mjini Zagreb mwaka 1980. Ukiingia kemisti yoyote hapa kwetu utazikuta zote mbili kwenye rafu.

Sasa twende kwa Endo. Huyu alikuwa mtoto wa wakulima aliyependa kuvu tangu udogoni, na Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alikuwa shujaa wake. Miaka ya sitini alikaa New York kwa muda, akaona jinsi ugonjwa wa moyo ulivyokuwa unawamaliza Wamarekani. Ilishajulikana kwamba kolesteroli nyingi mwilini hatuli, inatengenezwa na ini letu wenyewe. Endo akajiuliza hivi: kuna vijidudu ambavyo navyo vinahitaji vitu vya ukoo wa kolesteroli ili viishi, na kuvu hupigana navyo kila siku. Je, haiwezekani kuna kuvu fulani iliyobuni silaha ya kuzima utengenezaji huo?

Yeye na wenzake katika kampuni ya Sankyo walipima aina zipatazo 6,000. Mwaka 1973 waliipata silaha hiyo katika kuvu ya Kyoto, ambayo ni ya ukoo mmoja na ile ya Fleming. Hiyo ndiyo statini ya kwanza. Haikufika sokoni, lakini iliwafungulia wengine njia, na mwaka 1987 kampuni ya Merck ikapata kibali cha kuuza lovastatini Marekani. Simvastatini na atorvastatini zikafuata.

Hapa ndipo hii historia iliponishika. Statini ilitafutwa kwa akili ile ile ya kutafuta antibiotiki. Yaani hizi dawa ni kama binamu. Lakini zilikua nyumba tofauti: moja ikawa ya daktari wa kifua na koo, nyingine ikawa ya daktari wa moyo. Kila moja ilipimwa, ikasifiwa na kuandikiwa vitabu peke yake. Kitu kimoja tu hazikugawana, nacho ni ini.

Mwaka 1962 Wajapani wengine wawili, Tsuneo Omura na Ryo Sato, walichapisha habari za kitu walichokikuta kwenye ini, wakakipa jina P450 kwa sababu ya jinsi kinavyofyonza mwanga. Baadaye ilieleweka kwamba P450 si kitu kimoja. Ni ukoo mkubwa wa vimeng'enya, na mmoja wao, CYP3A4, ndiye anayevunjavunja sehemu kubwa ya dawa tunazomeza. Anakaa kwenye ini na kwenye utumbo.

Mimi si mfamasia, na chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo wacha nieleze nilivyoelewa. CYP3A4 ni kama posho mill ya kijiji. Simvastatini inaletwa pale, inasagwa, inaondoka mwilini. Kinachobaki ni kidogo, na kipimo cha daktari kimehesabiwa hivyo. Sasa klarithromaisini nayo inakuja kusagwa. Inaingia kwenye mashine, inanasa, haitoki. Foleni inasimama. Magunia ya simvastatini yanaendelea kuletwa kila jioni, kidonge kimoja kimoja, na hakuna anayeyasaga. Tena hata ukiacha ile antibiotiki, mashine haizinduki siku hiyo hiyo. Mwili unahitaji siku kadhaa kutengeneza nyingine.

Statini ikijaa kwenye damu, inaanza kuumiza misuli. Mtu anasikia mapaja na mabega yakimuuma, miguu inakosa nguvu, naye anadhani ni uchovu au ni ile homa aliyokuwa anatibu. Ikizidi, misuli inabomoka, mabaki yake yanaingia kwenye damu na kwenda kuziba figo. Mkojo unageuka rangi ya chai ya rangi. Hapo mambo si ya kemisti tena.

Dalili za hatari hii zilionekana mapema. Mwaka 1988, lovastatini ikiwa haijamaliza hata miaka miwili sokoni, madaktari waliripoti misuli kubomoka kwa wagonjwa waliopandikizwa moyo, waliokuwa wakimeza pia siklosporini, dawa nyingine inayogusa njia hiyo hiyo ya ini. Ripoti za waliochanganya lovastatini na erithromaisini nazo zikafuata. Lakini ripoti ya mgonjwa mmoja ni rahisi kuipita. Mwaka 2012 ndipo mamlaka ya dawa ya Marekani ilipotangaza maelezo mapya ya lovastatini, yakisema wazi kwamba isitumiwe kabisa pamoja na erithromaisini wala klarithromaisini. Hiyo ni miaka 25 tangu ile ruhusa ya kwanza.

Mwaka uliofuata, watafiti wa Ontario, Kanada, walichapisha hesabu ya wazee zaidi ya 140,000 waliokuwa kwenye statini na wakaandikiwa antibiotiki ya ukoo huu. Waliopewa klarithromaisini au erithromaisini walilazwa kwa ajili ya misuli na figo zaidi ya waliopewa azithromaisini, ambayo hainasi kwenye mashine. Vifo pia viliongezeka, kama viwili au vitatu zaidi kwa kila wagonjwa 1,000. Si wengi, na wengi wa waliochanganya dawa hizi hawakupatwa na lolote. Lakini nani anataka nyanya yake awe mmoja wa hao watatu, na kuna dawa nyingine kwenye rafu hiyo hiyo?

Na sisi? Hapa Kenya klarithromaisini inajulikana zaidi kwa sababu ya tumbo. Barry Marshall wa Australia alikunywa bakteria wa H. pylori mwaka 1984 kuthibitisha kwamba wanaleta ugonjwa wa tumbo, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapata tuzo ya Nobel. Leo ukipimwa ukakutwa nao, mara nyingi unapewa pakiti ya dawa tatu, na klarithromaisini ni mojawapo. Wanaougua tumbo ni wengi. Wazee wa presha, sukari na kolesteroli nao wanazidi. Mara nyingi ni mtu yule yule.

Nyanya yangu ni mmoja wao. Atorvastatini yake anaichukua kliniki ya presha. Za tumbo huwa ananunua karibu na stage. Siku moja nilikuwa naye muuzaji alipomuuliza, "Shosho, kuna dawa zingine unatumia?" Akajibu bila kusita, "La, mimi niko sawa." Hakudanganya. Kwake dawa ni kitu cha kuondoa maumivu, kisha unaacha. Kile kidonge cha usiku amekimeza miaka minane. Ni kama chumvi kwenye chakula. Na kolesteroli haiumi, kwa hivyo haimo kwenye hesabu ya magonjwa yake.

Ndiyo maana naona swali hilo halitoshi. Afadhali kuuliza: "Kila siku unameza nini? Asubuhi? Usiku?" Akitaja statini, daktari ana njia. Anaweza kuisimamisha kwa siku za antibiotiki tu, kupunguza kipimo, kuchagua statini isiyotegemea sana CYP3A4, au kubadilisha antibiotiki pale inapofaa. Hayo ni maamuzi yake. Mtu asiache dawa ya moyo kivyake kwa sababu amesoma makala.

Jioni hiyo nilimwaga dawa zote za shosho mezani, nikaandika majina kwa herufi kubwa kwenye kadi. Alinitazama akacheka, akaniuliza kama naanza kazi ya karani. Kadi anaiweka kwenye kibeti, pamoja na kitambulisho. Wiki iliyopita aliniambia aliitoa kwa kemisti kabla hata ya kuulizwa, na yule kijana akaisoma yote, akarudisha pakiti kwenye rafu, kisha akapiga simu kwa daktari.