Joto la Nyumba: Habari za Baridi na Moto Katika Karagwe



Mwezi wa Novemba, mwaka 1861, Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Karagwe katika safari yao ya kutafuta chanzo cha mto Naili. Mukama Rumanyika aliwapokea kwa ukarimu mwingi. Lakini watu wa pwani waliofuatana nao, waliozoea jua la Unguja, walitetemeshwa na upepo wa milimani. Speke aliandika katika kitabu chake ya kuwa watu hao walidhani wamekaribia Uingereza, maana hiyo ndiyo nchi pekee ya baridi waliyopata kuisikia.

Sisi wa Nyaishozi hatuwezi kuwacheka. Nchi yetu, ambayo tangu mwaka 2012 ni wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa, i karibu sana na mstari wa Ikweta. Lakini vilima vyake vingi vimepanda hata mita 1,500 na zaidi. Nayo hewa, kila mtu apandapo mita 1,000, hupungua joto kwa kadiri ya digrii 6. Tena katika Juni na Julai mbingu huwa nyeupe, na usiku ardhi hutoa joto lake likapotea juu, kwa kuwa hakuna wingu la kulizuia. Ardhi hiyo ni kama mtu aliyelala bila kujifunika.

Basi swali letu la leo ni hili: nyumba ya mtu yafaa kuwa na joto kiasi gani, nalo lipatikaneje pasipo kumdhuru?

Wazee wetu walilijibu kwa msonge. Nyumba hiyo ilikuwa ya duara, na nyasi zake zilianzia kileleni zikashuka hata chini, mfano wa kichuguu kikubwa. Mlango ulikuwa mfupi, wala upepo haukupata njia pana ya kuingia. Katikati ya nyasi hizo nene ilikaa hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia ndiyo izuiayo joto lisitoke. Hata blanketi hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Sakafuni zilitandazwa nyasi. Usiku ng'ombe waliingizwa ndani, wakawagawia wenyeji joto la miili yao. Mwili wa mtu aliyepumzika hutoa joto karibu sawa na taa ya umeme ya wati 100, na ng'ombe hutoa mara nyingi zaidi. Moto wa mafigani nao ulifunikwa kwa majivu, ukaishi hata alfajiri. Moshi wake ulipenya paa polepole, ukawafukuza wadudu walao nyasi.

Lakini tusiwasifu wazee kupita kiasi. Moshi ule ule uliolinda paa uliumiza macho na vifua, hasa vya akina mama na watoto waliokaa karibu na mafiga. Na jambo hili halijaisha ulimwenguni. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa ajili ya moshi wa majikoni na hewa chafu ya majumbani.

Katika siku za msonge hapakuwa na mtu aliyepima joto kwa hesabu. Mgongo wa mtoto ukiwa baridi, mama aliongeza kuni. Akitoka jasho, aliuvuta moto nyuma. Kipimo cha zebaki kilitengenezwa na Fahrenheit mwaka 1714. Mwaka 1742 Celsius wa Uswidi aligawanya digrii 100 kati ya maji yagandayo na maji yachemkayo. Ila yeye aliweka sifuri penye kuchemka, na watu wa baadaye wakageuza. Mwaka 1883 Warren Johnson wa Marekani alipata hati ya chombo cha umeme cha kuangalia joto la chumba. Bwana huyu alikuwa mwalimu katika chuo cha kufundishia waalimu huko Whitewater. Alichoka kukatizwa masomo kila mara mtumishi alipoingia darasani kutazama kama pana joto au baridi. Mimi nifundishaye katika chuo cha namna hiyo namwelewa vizuri!

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitaja digrii 18 kuwa joto la ndani lifaalo kulinda afya katika nchi za baridi wakati wa kipupwe. Usiku wa Julai kwetu hewa ya nje huweza kushuka chini ya digrii 15. Kwa hiyo hatuhitaji tanuru kama watu wa Ulaya. Tumepungukiwa na digrii chache tu.

Je, mbona nyumba zetu za sasa hushindwa kuzipata hizo chache? Ni kwa sababu pesa za kahawa zilileta mabati. Bati halivuji wala haliungui, nasi tunashukuru. Lakini ni jembamba, halina hewa iliyotulia ndani yake. Mchana hupitisha joto la jua, na usiku huliachilia upesi. Asubuhi hutudondoshea matone ya umande. Tumebadili paa, tukawatoa ng'ombe, tukaondoa nyasi za sakafuni. Kisha tukataka moto peke yake ufanye kazi ya vyote.

Hapo ndipo ilipo hatari. Nilipokuwa mvulana, usiku mmoja wa Julai, mimi na mdogo wangu tuliingiza jiko la mkaa chumbani, tukafunga dirisha, tukaziba na nyufa kwa matambara. Mkaa ulikuwa mwekundu, hauna moshi, nasi tukaona ni salama. Baba alisikia mdogo wangu akikoroma vibaya, akavunja mlango, akatuburura nje uwanjani. Mimi nilitapika, mdogo wangu hakuamka upesi, na mama alikwisha kuanza kulia. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo humwua mtu usingizini. Tangu siku hiyo sijaiamini nyumba iliyozibwa yenye moto ndani.

Basi tuchukue akili ya msonge, tuache moshi wake. Weka dari chini ya bati, hata ikiwa ya mikeka au matete, ili hewa itulie kati yake. Ziba nyufa zilizo karibu na kitanda, lakini acha tundu la hewa juu ukutani. Tandika mkeka chini ya godoro, mpe mtoto blanketi la pili, na watoto walale pamoja. Jiko na libaki nje, hata kama baridi ni kali namna gani. Baridi ya Karagwe huondoka jua likichomoza. Aliyeuawa na mkaa haamki tena.

Kwaherini.