Majengo Matupu ya Johannesburg

Katikati ya Johannesburg palijengwa kwa ajili ya ofisi, maduka na mabenki. Sheria ya mwaka 1950 iliyogawa maeneo ya mji kwa rangi za watu iliwalazimu Waafrika wengi kuingia humo asubuhi kufanya kazi na kurudi vitongojini jioni. Sheria za pasi, kibali alichohitaji Mwafrika ili awepo mjini, zilifutwa mwaka 1986, ile ya maeneo ikafuata mwaka 1991. Wakati milango inafunguka, fedha nazo zilikuwa zinahama: kampuni moja baada ya nyingine ilielekea Sandton, kaskazini, na mwaka 2000 hata soko la hisa likaondoka mtaa wa Diagonal. Baadhi ya wamiliki waliacha kulipia maji na umeme, wengine wakatelekeza majengo kabisa.

Walioyajaza ni wachuuzi, vibarua, walinzi na wahamiaji, watu ambao nauli ya kutoka mbali ingemaliza kipato chao cha siku. Ukumbi wa ofisi uligawanywa kwa mbao nyembamba, maboksi na mapazia, kila familia ikapata kijichumba chake. Lifti zilikuwa zimekufa. Maji yalichotwa bomba la chini na kupandishwa kwa ndoo. Magazeti yaliyaita majengo hayo “yaliyotekwa”, jina lisilo la haki kwa wengi waliokuwa wakilipa kodi kila mwezi, japo aliyeipokea mara nyingine hakuwa na hati yoyote.

Katiba ya mwaka 1996 inakataza kumtoa mtu katika makazi yake bila amri ya mahakama iliyozingatia hali zote. Kesi iliyoupa mji mzigo mzito zaidi ilihusu watu 86 walioishi Berea, barabara ya Saratoga, katika ofisi chakavu, jengo la kiwanda na gereji. Kampuni ya Blue Moonlight ilikuwa imelinunua eneo hilo mwaka 2004 na ilitaka kulijenga upya. Halmashauri ilidai kwamba inawajibika kwa wale tu inaowaondoa yenyewe, si kwa wanaoondolewa na mmiliki binafsi. Desemba 2011 Mahakama ya Katiba ilikataa hoja hiyo: wakaaji waondoke, lakini kwanza mji uwapatie pa kukaa.

Baadhi yao walipelekwa kwenye hifadhi ya Ekuthuleni, jina la Kizulu lenye maana ya mahali penye utulivu. Utulivu wenyewe ulikuwa wa masharti. Wakazi walitakiwa kutoka saa 2 asubuhi na kurejea saa 11:30 jioni. Saa 2 usiku lango lilifungwa. Mume na mke walilala mabweni tofauti. Mwaka 2017 Mahakama ya Katiba ilizibatilisha kanuni hizo, kwa kuwa zilikiuka utu na faragha ya wakazi na kutenganisha familia.

Mkasa mkubwa zaidi ulitokea katika jengo la mji wenyewe. Namba 80 mtaa wa Albert, ghorofa tano za mwaka 1954, ilikuwa ofisi ya kudhibiti pasi: Mwafrika alipanga foleni hapo ili aruhusiwe kuwapo mjini. Baadaye jengo hilohilo likawa hifadhi ya wanawake na watoto, Usindiso, yaani “wokovu” kwa Kixhosa. Usimamizi ulipolegea, likajaa vijichumba vya mbao na umeme wa kuunganishwa kiholela. Usiku wa kuamkia Agosti 31, 2023 moto ulilikumba na kuua watu 76, wakiwamo Wamalawi na Watanzania, wale waliokwenda “Sauzi” kutafuta maisha.

Tume ya jaji mstaafu Sisi Khampepe iliyochunguza moto huo iliripoti mwaka 2024 kwamba mji, ukiwa mwenye jengo, ulikuwa umelitelekeza, na ikapendekeza libomolewe. Baadhi ya walionusurika walikuwa wamekwisha kuhamishiwa kwenye vibanda vya mabati huko Denver, mashariki mwa katikati ya jiji.